Stesheni za Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam una malango mawili ya kale: bandari, iwapokeayo watokao ng'ambo, na stesheni, iwapokeayo watokao bara.

Stesheni ilizaliwa na tamaa ya utawala. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka pwani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Safari iliyowachukua wapagazi miezi kwa miguu ikawa ya siku chache. Nia ya wajenzi ilikuwa mali ya nchi na askari wa kuilinda, lakini chombo hakifungwi na nia ya fundi wake. Reli ile ilichukua vibarua wa mashamba ya mkonge, wachuuzi, wanafunzi na wagonjwa, ikawakutanisha watu ambao hapo kwanza walisikiana kwa majina tu.

Wahenga walisema msafiri kafiri, maana mahali alipo hana kwao. Wajibu wa stesheni ni kumpa kwao kwa muda wa saa moja: dirisha la tiketi lenye haki, kivuli, benchi, maji, na habari ya kweli juu ya saa ya kuondoka. Mwezi wa Oktoba 2012 wajibu huo ulipanuka, treni zilipoanza kuwachukua wakazi wa mji wenyewe, asubuhi na jioni, baina ya katikati ya mji na Ubungo.

Malango mengine yalifuata. Reli ya Tazara, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa mwaka 1976, na stesheni yake ikawekwa mbali na ile kongwe. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni na Dodoma mwezi wa Julai, kutoka jengo jipya lililo jirani na stesheni ya kale.

Hivyo mji mmoja una reli za namna tatu. Upana baina ya vyuma ni milimita 1,000 katika reli ya Wajerumani, 1,067 katika Tazara, na 1,435 katika reli mpya. Kila kipimo kilikuwa na sababu yake. Tazara, kwa mfano, ilifuata kipimo cha Zambia ili treni ziendelee kusini. Lakini behewa litokalo Mbeya haliwezi kupita juu ya reli ya Kigoma, na abiria naye hushuka na mtoto na furushi, akavuka mji kutafuta stesheni nyingine. Wajenzi walikuwa watatu. Mzigo wa tofauti zao huchukuliwa na mtu mmoja.

Vyuma vilivyokwisha tandikwa ni vigumu kuvisogeza. Ratiba, tiketi na gari la kuvusha watu baina ya stesheni ni vyepesi zaidi, na ndivyo vitakavyoonyesha kama mji unamjali mgeni wake.