Chuma Kisichojua Sabuni

Waliokulia Ngamiani kule Tanga, au Mji Mkongwe wa Unguja, au Kisauni ya Mombasa, wanakikumbuka chuma cha vitumbua: kizito, cheusi tii, vishimo vyake vimepangwa duara, ambacho kikituliwa juu ya seredani alfajiri kilitoa harufu ya mafuta ya jana yakipata moto, harufu iliyopenya chini ya mlango na kutufikia kitandani kabla ya iliki na tui la nazi. Kilikuwa na amri moja. Hakioshwi kwa sabuni.

Bibi aliisimamia amri hiyo kwa vitendo. Vitumbua vikiisha alikwangua mabaki kwa kijiti, akakifuta kwa kitambaa kikavu, palipogandamana akanyunyiza chumvi ya mawe na kusugua kwa kumbi la nazi, kisha akakirudisha juu ya makaa yaliyobaki kikauke, akakipitishia mafuta ya nazi kwa kitambaa kilichofungwa kijitini, na kukitundika kwenye msumari mbali na mlango, umande wa masika usikifikie. Sufuria zote zilikwenda uani kwa majivu na mchanga. Mkwe mgeni aliyekisogelea na kipande cha sabuni aliambiwa kwa upole, mara moja tu: "Mwanangu, hicho hakijui sabuni." Sababu haikuulizwa.

Siku hizi vijana wanauliza. Na wana haki ya kujibiwa.

Ule weusi si masizi wala uchafu. Ni mafuta yaliyochomwa juu ya chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakashikana na kugeuka ngozi ngumu, na juu ya ngozi hiyo ndipo kitumbua huteleza kikigeuzwa. Kinachoila ni soda kali. Sasa ikumbukeni sabuni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na maduka ya Tanzania yako matupu, sabuni ilipangiwa foleni. Wapo waliofulia majani ya mpapai, na wapo waliochemsha sabuni yao uani kwa mafuta na kostiki soda, soda ikipimwa kwa macho. Ilipozidi ilibaki ndani ya kipande na kuchubua vidole vya mfuaji. Sabuni ya namna hiyo, na maji ya moto, na mkono wenye nguvu, ingerudisha nyuma kazi ya miezi. Bibi hakuwa na haja ya kemia kulijua hilo.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono ni kitu kingine kabisa. Haina soda kali iliyosalia. Huyabeba mafuta mabichi na kuyatoa na maji, lakini yaliyokwisha kuwa ngozi haiyawezi. Tone moja, sifongo laini, suuza upesi: chuma kiko salama, na nalisema hili nikijua nalipinga neno la bibi. (Unga wa mashine za kuoshea vyombo bado ni mkali, huo na mashine yenyewe visikiguse.) Adui wa kweli ni maji yanayolala. Chuma kikilazwa ndani ya beseni, katika hewa ya chumvi ya pwani, asubuhi kina kutu.

Tumepata faida, tena kubwa. Ladha ile ya zamani tunayoisifu, baadhi yake ilikuwa mafuta yaliyochacha vishimoni, na kikaango cha chuma kilichokaangiwa dagaa jioni kiliwapa waliokula chapati asubuhi ladha ya dagaa hao hao. Sabuni imemaliza hayo.

Lakini ile amri ilikuwa imefungamana na kazi nyingine. Aliyekatazwa sabuni alilazimika kukausha motoni, kupaka mafuta, kutundika, na mikono ikazoea bila kuambiwa. Siku aliposikia kwamba sabuni haina neno, aliyaacha yote kwa pamoja: chuma sasa kinasimamishwa kwenye kichanja kichuruzike na sahani. Gesi nayo imetunyima makaa ya mwisho, yale yaliyokausha bila gharama. Moto wa kukaushia sasa huwashwa kwa makusudi. Wengi hawauwashi. Wananunua vikaango vyepesi vya alumini visivyogandisha, na siwalaumu, maana mkono wa mzee unavishukuru. Ila utando wake ukichubuka ndiyo mwisho, hutupwa, ilhali chuma kilichoshika kutu husuguliwa kwa msasa, kikapakwa mafuta, kikachomwa, kikarudi kazini.

Cha bibi kimemfikia mpwa wangu, Dar es Salaam. Anakiosha kwa sabuni ya maji, kwa ridhaa yangu. Kisha anakiwekea gesi mpaka tone la mwisho la maji likauke, na kukipaka mafuta ya alizeti kidogo sana, maana hayo yakichomwa hushika kuliko ya nazi, akiyafuta hadi uone kama hayapo. Vitumbua vyake vinageuka vizuri. Msumari tu ndio ameshindwa: mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Anakifunga kwa gazeti na kukiweka kabatini, na masika ndiyo yatakayosema kama gazeti linatosha.