Ukienda Mombasa, chagua upande wa maji kwanza

JE, umewahi kuwauliza majirani waliorejea kutoka Mombasa waliona nini huko? Wengi watakusimulia habari za kidimbwi cha kuogelea, chakula tele mezani na ngamia wa kupanda ufuoni. Waulize kuhusu Fort Jesus au Mji wa Kale nao watatazamana. Walikaa siku nne, wakatumia akiba ya mwaka mzima, na jiji lenyewe hawakulitia machoni ila kupitia dirisha la basi.

Si kosa la mtu kupenda kupumzika. Tatizo ni kwamba wengi wetu huchagua mahali pa kulala kwa kutazama mambo mawili tu, picha na bei. Kwa Mombasa kuna jambo la tatu ambalo lafaa kutangulia hayo yote, nalo ni maji.

Mombasa ni kisiwa. Kila mtoto wa shule analijua hilo, lakini mzazi anayetafuta chumba hulisahau. Kutoka kisiwani kuelekea Changamwe, Miritini na Nairobi unapitia Makupa. Kuelekea kaskazini unavuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua mahali pa daraja la kuelea la tangu mwaka 1931. Kuelekea kusini unapanda feri ya Likoni.

Basi fahamu kwamba hoteli nyingi zinazotangazwa kuwa za "Mombasa" haziko kisiwani kamwe. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko bara, upande wa kaskazini. Diani iko kusini, kiasi cha kilomita 30 kutoka Likoni, tena katika Kaunti ya Kwale. Zote ni Pwani na zote ni nzuri, lakini anayelala Diani na anayelala Kibokoni hawakuenda safari moja.

Chukua kalamu upige hesabu. Familia ya watu watano inayolala ng'ambo na kuja kisiwani kila siku kwa siku nne italipa nauli 40 za kwenda na kurudi. Ikilazimika kubadilisha matatu njiani, nauli hizo zinakuwa 80. Chumba kilichoonekana cha bei nafuu huanza kupanda bei polepole, mfukoni mwa kondakta. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Zamani jambo hili halikuwasumbua sana wasafiri. Gari-moshi la usiku kutoka Nairobi liliwashusha asubuhi kisiwani kwenyewe, na mtu aliweza kubeba sanduku lake hadi lojing'i. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, abiria hushukia Miritini, bara, na ni lazima watafute gari jingine. Kwa hiyo swali la "unalala upande gani?" linakungoja papo hapo kituoni, watoto wakiwa na usingizi na njaa. Afadhali uwe na jibu kabla hujatoka nyumbani.

KISIWANI

Ikiwa nia yako ni kuijua Mombasa, lala kisiwani. Mji wa Kale uko upande wa mashariki, ukitazama Bandari ya Kale. Hapo utatembea kwa miguu hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira kuanzia mwaka 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698, nao Waingereza wakaifanya gereza hadi mwaka 1958. Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Raia hulipa kiingilio kilicho chini ya kile cha mgeni wa ng'ambo, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Ukitoka ngomeni, ingia Ndia Kuu, utazame milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha uendelee hadi Msikiti wa Mandhry, mmoja wa misikiti mikongwe ya kisiwa hiki. Mtoto aliyekuwa akikariri habari za Wareno kwa ajili ya mtihani ataona unene wa ukuta kwa macho yake, na hatahitaji kukariri tena.

Nyumba za wageni za Mji wa Kale huwa ndogo, ngazi zake huwa za wima, na vichochoro vingi havipitishi gari. Mwenye mzee wa magoti mabovu na aulize kwanza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Adhana ya alfajiri utaisikia vizuri. Nyumba nyingine haziruhusu pombe. Uvae kwa heshima, kwani hapo watu wanaishi, wanasali na kulea watoto wao.

Hoteli za katikati ya jiji, kandokando ya Barabara ya Moi na Barabara ya Digo, zina lifti na mahali pa kuegesha gari mara nyingi zaidi. Kelele nazo ni nyingi zaidi. Omba chumba cha upande wa nyuma.

Kwa wanafunzi wanaochanga fedha, kisiwa ndicho jawabu. Mnaweza kugawana chumba, na sehemu nyingi mkazifikia kwa miguu. Jioni mnaweza kwenda ufuo wa Mama Ngina, uliokarabatiwa mwaka 2019, mkala mihogo ya kukaanga na kunywa madafu huku meli zikiingia Kilindini.

KASKAZINI NA KUSINI

Ikiwa watoto ni wadogo na nia ni kuogelea, kaskazini panafaa. Nyali ndiyo iliyo karibu zaidi na kisiwa. Kadiri unavyosonga kuelekea Shanzu ndivyo safari ya kuja mjini inavyorefuka.

Kusini mchanga ni mweupe na ufuo ni mrefu. Feri ya Likoni huvusha watembea kwa miguu bila malipo, lakini msimu wa sikukuu foleni ya magari huweza kumaliza saa zako za asubuhi. Mwenye gari lake akitoka Nairobi sasa anaweza kupitia Dongo Kundu, njia iliyokamilika mwaka 2024, akafika Diani bila kupanda feri. Lakini akitaka kuiona Fort Jesus, itambidi apande feri au azunguke tena kupitia Dongo Kundu.

Kumbuka pia kuwa bahari ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji hupita mita 3. Unaweza kufika ufuoni saa nane mchana ukakuta bahari imerudi nyuma hadi karibu na miamba. Waulize wenye hoteli saa za maji kujaa. Kama hawajui, waulize wavuvi.

MASWALI YA KUULIZA

La kwanza ni maji ya bomba. Sehemu kubwa ya maji ya Mombasa huletwa kwa mabomba kutoka mbali, yakiwemo yale ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, na mara kwa mara hayatoshi. Baadhi ya nyumba hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Hayakuui kuoga, lakini sabuni haitoi povu na mtoto mwenye ngozi laini atalalamika.

La pili ni dirisha. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto kati ya Desemba na Machi, huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kusi, uvumao kuanzia Aprili, hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo chumba chenye dirisha linaloelekea mashariki hupata pepo zote mbili. Chumba cha namna hiyo, chenye feni na chandarua kizima, chaweza kukufaa kuliko chumba cha ndani chenye kiyoyozi ambacho huzimika umeme ukipotea.

La tatu ni chakula. Katika miji yetu mingi neno hoteli lina maana mbili, mahali pa kulala na mahali pa chai na mandazi, na pengine ndiyo sababu tunataka kulipia vyote pamoja. Ukilipia milo mitatu, utaona uchungu kula nje. Utarudi nyumbani bila kuonja mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai, mishikaki ya barazani wala kahawa tungu ya vikombe vidogo. Lipia kulala na kiamsha kinywa tu, ili fedha za chakula cha mchana na cha jioni ziwafikie akina mama na vijana wanaopika mitaani. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, jua kwamba mikahawa mingi ya kisiwani hufungwa mchana, lakini magharibi ikiingia, vyakula hujaa barabarani.

Mwenye siku nne hana haja ya kuchagua upande mmoja tu. Lala usiku 2 kisiwani, halafu uhamie ufuoni kwa usiku 2 zilizobaki. Anza na kisiwa, kwa kuwa watoto wakishaonja mawimbi hutawatoa huko kwa habari za Wareno.

Ukifika, omba kuonyeshwa chumba kabla ya kutoa pesa. Fungua bomba, washa feni, vuta chandarua uone matundu. Ikiwa unasafiri Desemba, Pasaka au Agosti, weka nafasi mapema na uombe bei kwa maandishi, ikionyesha kama ni ya chumba au ya kila kichwa. Kwa familia ya watu watano, hapo kuna tofauti ya safari nzima.