Spika ndefu au spika fupi? Hesabu ya chumba cha kupanga

Kimya changu kilitokana na shughuli za gazeti, mnajua wenyewe mwandishi wa mkoani anavyozunguka: leo Namtumbo, kesho Mbinga, na habari yenyewe ikifika Dar inakatwa hadi ibaki aya tatu. Leo siandiki siasa wala bei ya mahindi. Naandika juu ya spika, na msicheke, maana jambo hili limenikosesha usingizi wiki nzima.

Nimepanga chumba kimoja hapa Ruhuwiko, upande huu wa uwanja wa ndege wa Songea. Nimekipima kwa futi ya fundi: mita 3 kwa mita 3.6, na kutoka sakafuni hadi kwenye silingi bodi ni mita 2.7. Kuta ni za tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, sakafu ni ya saruji. Ndani kuna kitanda, meza ya kazi, kabati na mtungi wa gesi. Na sasa anakuja Baba. Atakaa nami miezi mitatu ili ahudhurie kliniki ya hospitali ya mkoa, yeye kitandani, mimi godoro la chini.

Baba ni mwalimu mstaafu. Tangu nikiwa mtoto sikumbuki siku aliyokosa taarifa ya habari, kwanza ya Radio Tanzania Dar es Salaam ambayo leo ni TBC Taifa, kisha ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ila sasa masikio yamechoka. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani aliniambia, "Nasikia sauti, mwanangu, ila maneno yananipita." Redio yake ndogo anaifungulia mpaka mwisho, inakoroma, na bado ananiuliza waziri kasema nini. Ndiyo maana nilipopata malipo yangu ya malimbikizo nikasema fedha hii iende kwenye spika za maana.

Fundi wangu wa redio mjini alikuwa na jozi mbili za mtumba, bei zikikaribiana. Jozi ya kwanza ni zile ndefu za kusimama sakafuni, zinanifika kiunoni, kila moja ina wufa mbili na twita. Jozi ya pili ni fupi, za kuweka mezani au kwenye rafu, kila moja ina wufa moja ya inchi tano na twita. Kijana yeyote anajua jibu la mtaani: chukua ndefu! Mgeni akiingia geto akakuta minara miwili imesimama, heshima inapanda. Fundi, Mungu ambariki, aliniruhusu nizijaribu zote nyumbani, usiku mmoja mmoja.

Nilianza na ndefu. Nikazisimamisha kwenye kona, kwa sababu katika chumba changu hakuna pengine pa kuzisimamisha. Nikaweka Mlimani Park, Sikinde Ngoma ya Ukae, zile rekodi za studio ya Radio Tanzania. Besi ilijaa chumba hadi vikombe vikalia. Kwa dakika kumi nilifurahi sana. Kisha nikaanza kugundua kwamba besi haipigi noti, inavuma tu. Noti moja inalipuka, ya pili inapotea, ya tatu inalipuka tena. Nilipoweka taarifa ya habari, mtangazaji alikuwa kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Kosa si la spika. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita 3, wimbi linalotikisika mara 57 hivi kwa sekunde linaenea barabara kati ya kuta mbili, likigonga huku na kurudi kule likijiongezea nguvu. Kwa urefu wa mita 3.6 ni kama mara 48, na kwa kimo cha mita 2.7 ni kama 64. Sasa angalieni: uzi wa pili kwa unene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, unatikisika mara 55. Kwa hiyo noti za mpiga besi zinaangukia palepale ambapo chumba chenyewe kinaimba. Kona nazo huzidisha besi kuliko mahali pengine popote chumbani. Nikiketi katikati nasikia hivi, nikilala kitandani kwenye ukuta nasikia vingine kabisa.

Nilijaribu kuzivuta mbele. Sauti ilitulia, ila mlango ukagoma kufunguka na godoro langu likakosa mahali. Nikajaribu mbinu ya zamani ya kuziba tundu la nyuma kwa soksi. Kweli besi ilipungua. Lakini wadau, nilipe fedha kwa ajili ya besi halafu niizibe kwa soksi?

Usiku wa pili nikaleta zile fupi. Niliziweka mezani, kila moja kwenye tofali lililofungwa khanga ili twita ifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi, nikaacha nafasi kiasi nyuma yake, nikazigeuza kidogo zinitazame, mimi na spika mbili tukawa pembetatu. Besi ya chini kabisa haikuwepo, sitawadanganya. Anayetaka kitanda kitikisike hatatosheka. Lakini gitaa la besi nililisikia likitembea noti kwa noti, na magitaa ya juu yakaachana, kila moja na njia yake. Na mtangazaji alikuwa mtu, ameketi mbele yangu.

Hapo ndipo nilipomfikiria Baba. Uzee mara nyingi huanza kunyang'anya sikio sauti nyembamba, na maneno yetu hutambulika sana kwa sauti hizo: s, f, t, sh. Irabu zinabaki, konsonanti zinayeyuka. Ukimwongezea mzee besi, unazifunika hata zile konsonanti chache zilizobaki. Anasikia kelele nyingi zaidi na maneno machache zaidi.

Wala hili si jambo jipya. BBC wenyewe, katika miaka ya 1970, walihitaji spika ya kusikilizia matangazo ndani ya magari yao ya kurushia nje ya studio, mahali padogo kuliko chumba changu. Wahandisi wao walitengeneza kisanduku kinachoitwa LS3/5A, kilichozibwa pande zote, kimo chake kama sentimita 30 tu. Kilisifika hasa kwa sauti ya binadamu, na mpaka leo kuna watu wanaokitafuta kama lulu.

Haki itendeke kwa spika ndefu pia. Kwa kawaida hutoa sauti kubwa kwa umeme uleule, na tofauti ya desibeli 3 tu ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Tena spika fupi ikiwekwa kwenye stendi inakula sakafu karibu sawa na ndefu. Mwenye sebule ya mita 5 kwa 6 achukue ndefu bila wasiwasi. Mimi nina meza tayari, na nina jirani, muuguzi wa zamu za usiku, anayelala mchana ukuta wa pili. Besi hupenya ukuta kirahisi kuliko sauti nyingine zote.

Nikachukua fupi. Chenji nikanunua pazia zito na mkeka mnene, maana ukuta mtupu na saruji tupu hurudisha sauti kama kisima. Rafiki zangu wa mjini wananiuliza mwandishi mzima anasikilizaje muziki kwa visanduku vya mkate. Waulize tu.

Baba alifika Jumamosi, amechoka na safari. Saa mbili usiku nikafungua taarifa ya habari, sauti ya kawaida, hata jirani asingejua. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kimya, mpaka michezo. Kisha akaniuliza:

"Huyu mtangazaji ni mgeni? Huyu anasema polepole, mtu unamwelewa."

Nilimwambia ni yuleyule wa siku zote.