Inachemsha Lini?

Gari ikichemsha Kamsamba, kila mpita njia ni fundi. Mmoja atasema rejeta imeziba. Wa pili, aliyesimamisha bodaboda ili atazame tu, ataapa kwamba ni wota pampu. Wa tatu atatikisa kichwa na kutaja gasketi ya silinda hedi kwa sauti ile watu wanayotumia kutaja msiba. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Joto la injini ni kama homa: linakuambia kuna ugonjwa, halikuambii ni upi.

Gari ninayoizungumzia ni Land Rover ya mjomba wangu, Series III ya chesisi ndefu, ile ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Modeli hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imenizidi umri kwa mbali. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha kutafuta rekodi ya dunia ya msafara, na picha zake zilizunguka kwenye simu zetu: rangi mpya, rimu zinazometameta. Ya mjomba haijawahi kung'arishwa. Inabeba ufuta na mpunga kutoka mashambani, na mvua zikiharibu barabara, ndiyo inayobeba mgonjwa.

Kamsamba iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, kando ya Mto Momba. Ukivuka daraja uko Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa. Lakini ukitaka soko kubwa, yaani Mlowo kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia au Tunduma mpakani, lazima upande. Kushuka bondeni hata gari mbovu inashuka. Kupanda na magunia, kwa gia ya pili, kwenye jua la Oktoba, ndiko kunakojulisha injini ni ya namna gani.

Mwaka jana ile Land Rover ilianza kuchemsha mlimani. Fundi wa kwanza akabadilisha kifuniko cha rejeta. Halikuwa wazo baya. Kifuniko kile si kama cha sufuria. Kina springi inayobana presha ndani ili maji yachelewe kuchemka. Nacho kina maana zaidi kwetu, kwa sababu kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Tunduma, iliyo juu ya mita 1,500, maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 96. Kifuniko kikawa kipya, gari ikaendelea kuchemsha.

Fundi wa pili akang'oa thamostati na kuitupa, kama wanavyofanya mafundi wengi huku. Thamostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ukiung'oa, asubuhi injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta zaidi. Mlimani hali ikabaki ile ile.

Wa tatu, huko mjini, hakufungua kitu. Alisikiliza maelezo kwa dakika mbili akasema gasketi imeungua na hedi imepinda, ishushwe ikachongwe. Bei aliyotaja ilizidi faida ya msimu mzima wa ufuta.

Hapo ndipo familia ikakaa kikao. Nilikuwa likizo, nikakaa pembeni na shangazi zangu. Hoja ilikuwa moja: gari iuzwe kama chuma chakavu, mnunuzi yupo, pesa igawanywe, mjomba apumzike. Waliosema hivyo hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamechoka kuchangishwa. Mjomba hakujibu. Alikuwa akiangalia mikono yake, na nilielewa kwamba kinachojadiliwa si gari peke yake. Mtu ambaye kwa miaka yote watu wamekuwa wakimgongea mlango usiku wa manane, "Mzee, mgonjwa amezidiwa," alikuwa anaambiwa kwamba sasa hawatamgongea tena. Akaomba wiki moja.

Fundi wa nne yupo hapa hapa kijijini, chini ya mwembe, na kazi yake hasa ni mashine za kukoboa mpunga. Hakufungua boneti. Aliuliza, "Inachemsha lini?"

"Ikipata moto," mjomba akasema.

"Hapana, mzee wangu. Lini? Ukiwasha asubuhi? Ukisimama ikiunguruma? Ukienda tambarare?"

Mjomba akafikiri. "Tambarare haina shida. Ikisimama haina shida. Mlimani tu, tena nikikanyaga mafuta sana. Nikilegeza mguu, sindano inashuka."

Kwa jibu hilo nusu ya watuhumiwa wakaachiwa. Feni au mkanda wake ukiwa mbovu, gari huchemsha ikisimama au ikienda polepole, kwa sababu mwendo ukiwepo upepo husaidia. Gasketi ikiungua kabisa, kwa kawaida haichagui mlima na haisamehi kwa kulegeza mguu. Hata hivyo hakutaka kuamini maneno matupu. Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua kifuniko cha rejeta, akawasha na kuchungulia. Hedi inayovuja ingesukuma mapovu mfululizo kwenye maji. Hayakuwepo. Akachomoa kijiti cha oili: oili nyeusi ya kawaida, si ile inayogeuka kama chai ya maziwa baada ya kuchanganyika na maji. Akafungua plagi nne akazipanga kwenye gunia. Zote zilikuwa na rangi moja. Silinda inayoingiza maji mara nyingi huisafisha plagi yake ikang'aa peke yake.

Kisha akaiacha injini ipate moto, akaizima, akapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, juu hadi chini. Sehemu iliyoziba ndani huwa ya baridi. Hakuikuta.

Mwisho alimwambia mjomba akae kwenye usukani, akanipa tochi. "Wewe mwanangu angalia mpira wa chini. Mikono mbali na feni."

Mpira wa chini ndio unaoyatoa maji yaliyopoa kwenye rejeta na kuyarudisha kwenye pampu. Injini ikiunguruma taratibu, ulikuwa mviringo, mzima, hauvuji. Mjomba akakanyaga mafuta. Mpira ukabonyea katikati, ukalala bapa kama chupa ya plastiki inayonyonywa na mtoto. Mjomba akalegeza. Ukarudi mviringo.

Maelezo ni mafupi. Pampu inavuta maji, na ikizunguka kwa kasi inavuta kwa nguvu. Mpira ule ulikuwa umezeeka na kulainika, na ndani haukuwa na waya wa kuushikilia. Kwa hiyo injini ilinyimwa maji saa ile ile ilipoyahitaji zaidi. Na kila mara gari ilipochemsha, mjomba alifanya analofanya kila dereva: alisimama, akafungua boneti. Mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, mpira ulikuwa umeshajifanya mzima.

Ninasoma uzamili wa afya ya jamii. Darasani maswali yetu ya kwanza kuhusu mlipuko wowote ni matatu: nani, wapi, lini. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mitihani, lakini sikuwahi kuona "lini" ikiokoa kitu kwa macho yangu. Wale mafundi watatu hawakuwa wezi wala wajinga. Waliikagua gari iliyopumzika, wakati ugonjwa wake ulikuwa wa kazini. Ni kama mama anayeishiwa pumzi shambani, anakaa kwenye benchi la zahanati saa tatu, na zamu yake inapofika anapumua vizuri.

Mpira mpya ulitoka Tunduma, fundi akausokotea springi ya waya kwa ndani. Thamostati nayo ikarudishwa. Jumla ya gharama haikufika hata nauli za kuwaita ndugu kwenye kikao. Gari ikapanda Mlowo na magunia, na mnunuzi wa chuma chakavu akaambiwa asubiri.

Kabla sijarudi chuo ndugu walikaa tena, safari hii kuhusu binamu yangu wa kidato cha pili. Mtoro, mvivu, shule imemshinda. Afadhali aache akafanye biashara mpakani. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mjomba alisubiri wamalize, akauliza, "Anakosa shule siku zipi?"

Hakuna aliyejua. Akatumwa mtu kwenda kuangalia daftari la mahudhurio.