Debe la Shosho

Jumamosi ile nilirauka kabla ya jogoo wa jirani. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kinazuru nyumba ya Karen Blixen, kule Karen, Nairobi. Kutoka Ruiru hadi huko basi lilijaa nyimbo, lakini mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa na siri, na leo naitoboa.

Nilidhani nitaona kasri. Kumbe ni nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, paa la vigae vyekundu, iliyojengwa mwaka wa 1912. Bi. Karen, mwandishi wa Denmark, aliishi humo na kulima kahawa kuanzia 1917 hadi 1931, shamba lilipofilisika. Ikawa makumbusho mwaka wa 1986. Alikuwa mchoraji pia. Mbele ya picha yake ya msichana wa Kikuyu, rafiki yangu akapiga kelele, "Si huyu ni wewe!" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka shingo upande.

Bustani ndiyo iliyoniteka. Nyasi laini, miti mikubwa, na Milima ya Ngong imejipanga kwa mbali. Mle bustanini mna mashine kuukuu ya kahawa. Kiongozi wetu akauliza, "Nani anajua buni hufanywa nini ikishachumwa?"

Kimya. Hata walimu walitazama viatu vyao!

Basi siri ni hii: kila Jumamosi mimi husema naenda kwa shangazi Thika. Uongo mtupu. Huwa niko shambani Ruiru na shosho, tunachuma kahawa kwa debe. Sijui mkono ulinyanyukaje. Nikaeleza kwamba huchumwa nyekundu pekee, za kijani zikatengwa, zikamenywa siku hiyo hiyo zisiharibike, zikavundikwa, zikaoshwa, zikaanikwa. Hakuna aliyecheka. Kiongozi akaongeza kuwa Karen ni juu mno, baridi haikuipenda kahawa ya Bi. Karen.

Njiani rafiki yangu akaninong'oneza, "Kwani debe ni pesa ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza hadi Githurai.

Jioni nilimsimulia shosho kila kitu. Aliposikia habari ya baridi alicheka hadi machozi. "Si angewauliza wenyeji!" Kisha akafuta macho, akaniuliza, "Na wachumaji wake, alikuwa akiwalipa ngapi kwa debe?"

Hilo sikuwa nimeuliza.