Mizani ya Besi
Usukumani, Bariadi ikiwamo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno, na pigo zito hupata maana kwa jirani yake jepesi. Ndiyo hoja yangu kuhusu kompresa, kifaa kipunguzacho sauti kubwa za gitaa la besi ili zilingane na ndogo. Ikikitangulia kichujio kinachofunguka kwa nguvu ya kidole, kichujio hakipati tena cha kuitikia. Basi mimi hutanguliza kichujio, kisha kompresa, ndipo pedali ya kukwaruza sauti. Kompresa ikija mwisho, hukuza hata mvumo wa mkwaruzo. Wapenzi wa shairi watanielewa: mizani ni nidhamu ya kauli, lakini sharti mkono uwe umeshasema.