Radi, Paswadi na Pesa za Wanachama

Viongozi wa ofisi ndogo hapa Suneka wakisikia usalama wa mtandao huwaza wadukuzi wa ng'ambo. Mimi ninayewatunzia mitandao yao huanza na radi. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilima vya Kisii, na msimu wa mvua ukifika, alasiri mawingu yameshafunga na ngurumo zimeanza. Radi si lazima ipige jengo lako. Ikianguka jirani tu, waya wa shaba uliopita nje hubeba umeme huo hadi ndani ya swichi ya mtandao.

Niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho swichi zake ziliungua kila mvua zikija. Kila ikiungua walinunua nyingine. Nilipoifungua ya mwisho nikaona tundu moja tu limekuwa jeusi, mengine mazima. Tundu hilo lilikuwa la waya uliovuka ua kwa juu kwenda chumba cha rekodi. Nikauondoa, nikaweka faiba, ambayo ni nyuzi za kioo na haipitishi umeme. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo na fundi wa stima: nondo ya kushushia umeme ardhini ilikuwepo, lakini waya wake ulikuwa umekatwa wakati wa kupaka ukuta rangi. Kazi hiyo ilitugharimu siku moja, na swichi iliyofuata imevuka misimu ya mvua bila kuguswa.

Kuhusu paswadi, watu wengi wa kazi yangu huwagombeza wafanyakazi. Naona wanakosea. Mama mmoja keshia alikuwa ameibandika yake chini ya skrini, na wenzake wawili waliitumia hiyohiyo. Nilipomwomba aitoe aliniuliza, "Fundi, nikiisahau, na watu wamepanga foleni hadi nje, nitawaambia nini?" Swali la haki kabisa. Tukatafuta maneno manne ya Ekegusii yasiyohusiana, yaliyomjia yeye mwenyewe, marefu kuliko ile ya zamani na rahisi kwake kukumbuka. Halafu nikamweleza kilichonileta hasa: mfumo wa mikopo huandika jina la kila anayegusa akaunti ya mwanachama. Watatu wakiingia kwa jina moja, siku shilingi zikipungua atashukiwa mwenye jina, hata kama siku hiyo alikuwa mazishini. Karatasi aliitoa yeye mwenyewe, akaichana.

Ndiyo maana mfanyakazi akiacha kazi akaunti yake hufungwa siku hiyohiyo, na paswadi ya Wi-Fi hubadilishwa. Wanachama wanaosubiri wana Wi-Fi yao, isiyofika kwenye kompyuta za ofisi.

Sasisho za programu hazipendwi, kwa sababu zinakula bando na kuchelewesha kazi asubuhi. Mimi huziweka Jumamosi ofisi ikishafungwa. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu ambalo kilipitia tangu Machi; walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Sasa tuna shida nyingine. Kompyuta nyingi tunazotumia ni ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, na Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zile zisizoweza kupokea Windows 11, na ambazo kazi yao ni barua na intaneti tu, nazihamishia Linux. Afadhali hivyo kuliko Windows ya wizi ya kwenye flashi, ambayo hujui nani ameichezea.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni ya nakala za data. Ofisi nyingi zinazo, ila diski imewekwa kwenye droo ileile iliyo chini ya seva. Moto au mwizi akija anachukua vyote. Ninataka nakala moja ilale mbali na jengo, imefungwa kwa paswadi. Na siamini nakala kabla ya kuirejesha. Tunachagua akaunti ya mwanachama mmoja, tunaifungua kutoka kwenye diski kwa kompyuta nyingine, na karani anaweka kidole kwenye kitabu cha mwanachama, anasoma mstari kwa mstari: akiba, mkopo, riba. Salio likilingana, tunaandika tarehe na kutia sahihi wote wawili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa anayetunza taarifa saa 72 tangu ajue zimevuja kumjulisha Kamishna wa Data, ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Katika muda huo huwezi kuanza kutafuta nani alikuwa na paswadi gani. Lakini bado kwenye mikutano mikuu sijasikia swali la mtandao. Watu huuliza gawio, wakakaa. Natamani mwanachama asimame amwambie mwenyekiti amwonyeshe ukurasa wenye zile sahihi mbili, na tarehe yake.